Naingoja Mashine ya Laki Moja na Nusu Kutafuta Pete Moja

Haijafika. Naanza na jibu kwa sababu najua nusu yenu mmekuja kuuliza hilo tu. Haijafika, wasee. Kampuni imesogeza tarehe ya kuitoa mara mbili, binamu yangu aliye Dubai ndiye ameshikilia oda, na mimi hapa Mombasa nishajua bei ya kila kitu chumbani mwangu kinachoweza kuuzika, pamoja na kitanda.

Kwa wale mmefika leo: mimi ndiye yule kijana anayezunguka ufuoni Bamburi, upande wa Pirates, na mashine inayofanana na kifagio. Jina lake la heshima ni kigunduzi cha metali. Mabichi boi waliiona siku ya kwanza wakaiita kifagio, na jina likakaa. Kama hujawahi kuiona, unaijua ile fimbo nyeusi ambayo soja wa supamaketi anakupitisha nayo kiunoni, inalia ikifika kwenye mshipi, halafu anakuambia pita tu? Hiyo ni ndugu yake. Yangu ina mkono mrefu, chini ina koili ya duara kama sahani, na ikilia mimi sipiti. Napiga magoti nachimba.

Niliinunua kuukuu kwa elfu kumi na mbili, kutoka kwa jamaa wa Nairobi aliyedhani angetajirika nayo akachoka baada ya wiki tatu. Mwaka wa kwanza nilipata sarafu nyingi za kifaru na za simba, funguo, vipuli, pete mbili za fedha, sarafu moja ya senti kumi ya enzi za Mfalme George yenye tundu katikati, na vifuniko vya soda 1,140. Nimevihesabu. Viko kwenye ndoo mlangoni, na kila asubuhi mama yangu akipita na ufagio wa ukweli anaiangalia ile ndoo, halafu ananiangalia mimi. "Chuo uliacha ili uokote vifuniko."

Sikuacha ili niokote vifuniko. Nitafika hapo.

Kwanza Shosho. Namwita Shosho kwa sababu ndivyo wajukuu wake wanavyomwita, na yeye ananiita kijana. Anaishi Nakuru. Desemba iliyopita alikuja Mombasa na familia yake kwa treni, mara yake ya kwanza kuona bahari, na tarehe 27 akaingia majini na wajukuu kucheza mpira. Mnajua vile Pirates huwa wiki ya Krismasi: maboya ya magari ya kukodisha, ngamia, mihogo ya kukaanga, watu mpaka huoni mchanga. Vidole vilikuwa vimelowa, vina mafuta ya kujipaka, maji yako kiunoni. Alirusha mpira, na pete ikaenda.

Ni pete ya ndoa, ya 1979. Mume wake aliuza ng'ombe wawili kuinunua. Ni nyembamba, na upande mmoja imelika kwa miaka ya kuosha sufuria. Mzee alifariki miaka mitatu iliyopita. Mjukuu mmoja alikuwa ameona video zangu, akanitafuta, na tarehe 3 Januari nikapokea simu kutoka kwa mama mmoja mpole ambaye hata hakuniomba niitafute. Aliniuliza kama inawezekana.

Nikasema ndiyo. Nilisema haraka sana.

Sasa wacha niwaeleze kwa nini kifagio changu hakiwezi, kwa sababu hapa ndipo watu hunitusi. "Bahari ni kubwa, we ni mvivu", "nunua betri mpya". Betri ziko sawa. Shida ni chumvi.

Kwenye mchanga mkavu mashine yangu ni ndovu. Inasikia sarafu kwa kina cha mkono mzima kutoka kwenye kifundo hadi ncha ya vidole. Inafanya kazi hivi: koili inatuma nguvu ya sumaku inayobadilika mara maelfu kwa sekunde. Ile nguvu ikikutana na kipande cha metali, ndani ya kile kipande kinaanza kuzunguka kijimkondo cha umeme, na kile kijimkondo kinatengeneza sumaku yake kidogo inayorudi kwenye koili. Mashine inasikiliza inachorudishiwa. Inaangalia nguvu yake, na inaangalia imechelewa kiasi gani. Kipande kizito cha shaba kinachelewa sana. Karatasi ya foili inachelewa kidogo tu. Kwa ule uchelewaji mashine inakisia kilicho chini.

Maji ya chumvi nayo yanapitisha umeme, wala si kidogo. Kwa hivyo ukipeleka koili kwenye mchanga uliolowa maji ya bahari, mashine inasikia bahari nzima kama kipande kimoja kikubwa cha metali. Inapiga kelele. Wimbi likipita juu ya koili inapiga kelele zaidi. Na uchelewaji wa chumvi ni mdogo, unaangukia palepale kwenye foili na kwenye dhahabu nyembamba. Kwa mashine yangu, inayotumia masafa ya aina moja tu, maji ya bahari na pete ya Shosho vina sauti moja. Nikiiambia ipuuze chumvi, nimeiambia ipuuze na pete. Nikipunguza nguvu mpaka inyamaze, inasikia vidole vinne kwenda chini, basi.

Na pete haikai vidole vinne. Dhahabu ni nzito mara nyingi kuliko mchanga. Kila wimbi likitikisa mchanga, pete inashuka kidogo, kama vile jiwe linavyoenda chini ukitikisa debe la maharagwe. Inashuka mpaka ikutane na kitu kigumu, mwamba wa matumbawe au udongo. Tangu Desemba mpaka leo hayo ni mawimbi mengi.

Ndio nirudi chuoni. Nilikuwa mwaka wa pili, uhandisi wa umeme. Chuo gani hamhitaji kujua. Karo ikachelewa, kadi ya mtihani ikazuiwa, nikakosa muhula, na muhula uliofuata deni lilikuwa limeshakua kiasi kwamba kurudi kulikuwa hadithi. Sikulia. Nilijiambia mtandao utanilipa kuliko hiyo shahada, nikaandika hata posti yenye kichwa cha kiburi kuhusu hilo. Wengine mnaikumbuka. Sijaifuta, inanikumbusha vile naweza kuongea kwa uhakika juu ya kitu sikijui.

Lakini hiki ndicho sijawahi kuwaambia. Hayo mambo ya sumaku inayobadilika kuzaa umeme, ugunduzi wa Faraday wa 1831, niliyafundishwa darasani. Mhadhiri aliandika kwenye ubao, nikanakili, nikapiga mstari chini kwa kalamu nyekundu, na sikuelewa kitu. Nilielewa mwaka mmoja baadaye, nimepiga magoti Bamburi saa kumi na mbili asubuhi, nashika kifuniko cha soda mbele ya koili na kukisogeza mbele nyuma nikisikiliza. Nilikaa kwenye mchanga muda mrefu siku hiyo. Nilitaka kumpigia mtu simu nimwambie nimeelewa, nikakosa wa kumpigia.

Kwa hivyo hii mashine mpya. Jina la kampuni sitalitaja, hawajanilipa hata shilingi, na bado ni ahadi tu.

Kuna njia mbili za kushinda chumvi. Ya kwanza ni kutumia masafa mengi kwa pamoja. Minelab, kampuni ya Australia, wamekuwa kwenye hiyo njia tangu miaka ya 1990, na Equinox yao ya 2018 ilifanya watu wengi wa kawaida waweze kuimudu. Chumvi inajibu tofauti kwa masafa ya chini na ya juu, pete nayo inajibu tofauti kwa njia yake, kwa hivyo mashine inalinganisha majibu na kuiondoa chumvi kwenye hesabu. Ni nzuri. Zipo madukani nje. Zinagharimu pesa ambazo sina, na wanaozitumia wanasema kwenye mchanga mweusi wenye madini zinapoteza kina.

Njia ya pili ni ya mapigo. Mashine inatuma pigo moja kali la umeme, inazima kabisa, inangoja, halafu ndipo inasikiliza. Inangoja sehemu ndogo sana ya sekunde, kama sehemu kumi hivi ukiigawa sekunde moja mara milioni. Katika huo muda mwangwi wa chumvi unakufa, kwa sababu unakufa haraka. Mwangwi wa pete unakuwa bado uko hai. Mashine inafungua sikio wakati bahari imenyamaza. Siku ya kwanza kulielewa hilo nilicheka peke yangu kwa matatu mpaka kondakta akaniuliza kama niko sawa. Mimi nakaa miezi nangoja mashine ambayo kazi yake yote ni kungoja.

Lakini kuna shida, na ndiyo inanikosesha usingizi. Dhahabu nyembamba nayo mwangwi wake unakufa haraka. Ukingoja kidogo mno, unasikia chumvi. Ukingoja zaidi kidogo, chumvi imenyamaza na mkufu mwembamba umeshanyamaza nao. Pete nene ya mwanamume wa Florida anayefanya video za kuisifu itasikika tu. Ya Shosho, iliyolika upande mmoja tangu 1979, sijui iko upande gani wa huo mpaka. Kampuni inadai mashine yao inaweza kufungua sikio mapema kuliko zote zilizotangulia za baharini, na inadai itatofautisha chuma na metali nyingine, jambo ambalo mashine za mapigo zimekuwa zikishindwa nalo kitambo. Wanadai. Nimeitazama video yao ya dakika arobaini mara tisa, na katika zile dakika arobaini wanaonyesha pete moja tu nyembamba, kwa sekunde sita, na kamera inahama kabla haijazikwa.

Manze, nimejifunza kuogopa kamera inayohama.

Na kama hiyo ya kutofautisha chuma ni maneno matupu, itabidi nichimbe kila kitu. Misumari ya maboti, vibanio vya nywele, risasi za wavuvi, vifuniko vya soda vingine 1,140. Mashine haina aibu kukudanganya. Hata Alexander Graham Bell, yule wa simu, mwaka 1881 alienda kwa Rais Garfield wa Marekani aliyepigwa risasi, akajaribu kuitafuta risasi mwilini kwa kifaa chake, na akashindwa. Inasemekana springi za godoro ndizo zilimchanganya. Kama Bell alichanganywa na godoro, mimi ni nani mbele ya Pirates?

Bei sasa. Bei ya mashine yenyewe, ongeza usafiri, ongeza VAT ya asilimia 16 na vingine vya forodha: natenga laki moja na nusu nisije nikashtuka. Nilikuwa na elfu arobaini. Kisha nikapata elfu thelathini na nane kwa mpigo mmoja, na hapa naomba msome polepole kwa sababu hii sehemu nimeiandika mara nne.

Mnakumbuka ule mfululizo: "Natafuta Pete ya Shosho", Siku ya 1 mpaka Siku ya 6. Video zangu zingine zote za mwaka mzima mkiziweka pamoja hazijatazamwa kama hiyo ya Siku ya 3. Siku ya 3 ndiyo niliweka sauti yake. Alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti usiku, wa dakika mbili, anaeleza vile mzee alimvalisha hiyo pete, na katikati anashindwa kuongea. Alinitumia mimi. Mimi nikaukata vizuri, nikaweka chini yake picha za mawimbi, na muziki. Watu wakalia, wakashea, wakatuma zawadi kwenye laivu. Elfu thelathini na nane. Nikaziweka kwenye akaunti ya mashine nikajiambia si ni kwa ajili yake?

Siku zote sita nilijua kifagio hakiwezi. Kuanzia Siku ya 1 nilijua. Nilizunguka kwenye mchanga uliolowa na mashine imepunguzwa nguvu mpaka chini kabisa isije ikapiga kelele kwenye video.

Aliyenifungua macho hakuwa komenti ya mtu. Ni mama yangu. Mwezi wa Mei nilimwomba pete yake ya ndoa nifanye majaribio, kwa sababu ni nyembamba vilevile. Nilitegemea matusi. Akaivua, akaiangalia, akasema, "Ikipotea, usirudi nyumbani. Naja na wewe." Tukaenda maji yamekupwa. Nikaifunga kwa uzi wa kuvulia samaki, yeye akashika upande wa pili wa uzi ameuzungusha mkononi mara tatu, nikaizika kina cha shubiri moja kwenye mchanga uliolowa. Nikapitisha koili juu. Ikaunguruma vilevile inavyounguruma popote. Nikaisogeza pembeni, sauti ileile. Nikarudi juu ya pete, sauti ileile. Mama anaona kabisa uzi unaingia mchangani pale, na mashine haijui.

Akauliza, "Na huyo mama wa Nakuru, umemwambia hivi?"

Sikumwambia. Nilikuwa namwambia mashine mpya inakuja. Kila mwisho wa mwezi ananiuliza, "Kijana, hiyo mashini imekuja?" na mimi najibu, "Bado Shosho, wamesogeza tarehe," na lilikuwa jibu la kweli. Ila nilianza kupenda vile wanasogeza tarehe. Mpaka ifike, hakuna mtu anaweza kusema nimeshindwa.

Mwezi wa saba nilimpigia. Nikamwambia yote: kifagio, chumvi, Siku ya 3, elfu thelathini na nane. Alinyamaza. Halafu akacheka, kicheko kifupi. "Kwa hivyo pete yangu inafanya kazi na mimi nimekaa tu?" Nikamwambia nitamtumia hizo pesa. Akasema nunua mashini, si ndiyo umesema? Kisha sauti ikabadilika. "Lakini ile sauti yangu utoe. Ile nilikuwa naongea na wewe."

Niliitoa siku hiyohiyo. Ndiyo maana Siku ya 3 haipo, na wale mnaouliza iko wapi mmepata jibu.

Tangu hapo nimekuwa nikifanya kazi ambayo haihitaji mashine, na ambayo ningeweza kuifanya tangu Januari. Mjukuu alinitumia picha za ile siku. Kwenye moja, iliyopigwa saa tisa na dakika kumi alasiri, Shosho yuko majini na nyuma yake unaona mnazi ulioinama na kona ya ukuta. Kwenye nyingine wako upande mwingine, unaona kibanda cha kukodisha maboya. Nikasimama na simu mkononi mpaka mnazi na ukuta vikae kama kwenye picha, nikaweka alama. Nikafanya hivyohivyo na kibanda. Kisha nikachukua jedwali la maji la bandari, nikaangalia tarehe 27 Desemba saa hiyo maji yalikuwa na kimo gani, na kwa kuwa yalimfika kiunoni nikajua ni mstari upi wa ufuo. Nimebaki na kipande cha mita 30 kwa 15. Ni kidogo ukilinganisha na bahari. Ila kuchimba mita 30 kwa 15 kwa kina cha nusu mita ni mchanga wa malori zaidi ya 20, kwa hivyo kwa koleo haiwezekani, msiniandikie tena.

Kizuri ni kwamba wakati wa bamvua maji yakikupwa kipande chote kinabaki wazi. Hapa kwetu bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Sihitaji kuzamia. Nahitaji tu sikio linaloweza kusikia ndani ya mchanga wa chumvi.

Kibaya ni kile alichoniambia mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akiniangalia nafunga kamba. Aliniita, "Mwanangu, unapima ufuo wa mwaka gani?" Nikamwambia Desemba. Akasema Desemba ilikuwa Kaskazi. Tangu hapo imepita Kusi nzima, na upepo ukigeuka mchanga nao huhama, huku unajaa, kule unachimbika. Miezi ya Kusi ufuo unashushiwa mchanga na mwani mpaka huwezi kuujua. "Ngoja Kaskazi irudi," akasema, "ufuo utarudi vile ulivyokuwa. Karibu na vile ulivyokuwa." Nimekuwa nikipita kila wiki kupima. Nilichomeka chuma kirefu kwenye ile kona, na mwezi wa nane kilikuwa kimefunikwa karibu nusu mita zaidi ya mwezi wa Mei. Sasa hivi kimeanza kuonekana tena. Mzee aliniona nakipima akatabasamu bila kusema kitu.

Niwajibu na wale wa hazina, mko wengi. Hapana, sitafuti dhahabu za Wareno. Ile meli yao iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, Santo António de Tanná, wapiga mbizi wa akiolojia waliifanyia kazi kuanzia 1977 hadi 1980 na vitu viko makumbusho, nendeni mvione. Sheria ya makumbusho ya 2006 iko wazi: kitu cha kale ni mali ya serikali, ukikikuta una siku 7 za kutoa taarifa, na kwenda kuchimbachimba magofu bila leseni ni kesi. Mwaka 2010 wanaakiolojia walipata Mambrui sarafu ya Kichina ya enzi ya Yongle, karne ya 15. Thamani yake kubwa ni kwamba walijua imelala kwenye tabaka gani la udongo. Mtu kama mimi na kifagio angeing'oa, akapiga selfi, na hiyo historia ingeisha hapo. Kwa hivyo Jumba la Mtwana siendi na mashine, na mbuga ya bahari siendi. Mimi ni wa vitu vilivyopotea juzi na mwenyewe bado anavililia.

Juzi binamu ameandika: kampuni imeanza kutuma za kwanza, yetu iko kwenye kundi la pili, na yeye anakuja nyumbani mwishoni mwa Novemba. Akibahatika kuipata kabla ya kupanda ndege, ataibeba kwenye begi. Nimebakisha elfu kumi na nne kumlipa. Kamera yangu ya pili inauzwa, ina mkwaruzo mmoja, tuongee.

Kuhusu kurekodi: najua mnataka Siku ya 7. Nitawaonyesha mashine, nitawaonyesha majaribio yote, na kama ile pete nyembamba haisikiki nitasema haisikiki na kamera haitahama. Lakini kile kipande cha mita 30 kwa 15 sitakipiga video. Nitakuwa na kamba, koleo lenye matundu na hedifoni. Tukimaliza, Shosho ndiye ataamua kama kuna stori.

Yeye amesema anakuja tena Krismasi na wajukuu. Nikamwambia labda angoje kwanza nimwambie kama nimeipata. Akasema kwani bahari inafungwa?

Kwa hivyo hesabu yangu ni bamvua ya kwanza baada ya binamu kutua. Asubuhi ya siku ya kwanza nitajaribu mashine kabla ya kuigusa ile kona, mchanga uliolowa, shubiri moja kwenda chini. Mama ameshasema ataileta pete yake mwenyewe, ikiwa kidoleni, na uzi ataushika yeye.